Geji za Land Rover Series III: maswali na majibu

Geji ya joto na ya mafuta zote zinapanda hadi mwisho nikifungua swichi, hata injini ikiwa baridi. Ninunue mpya?

Usinunue geji. Zikikosea pamoja, tena upande mmoja, anza na stebilaiza, kile kiboksi kidogo cha bati nyuma ya paneli kinachozipa zote mbili umeme wa wastani wa volti 10. Ndani yake mna utepe wa metali mbili unaopata joto, unajikunja na kukata umeme, kisha unapoa na kurudisha. Bati lake lazima liguse bodi. Kutu au rangi ikizuia ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi), utepe haupati joto, umeme haukatwi, na geji zinakula volti 12 hadi 14. Kwa hiyo piga msasa pale kinapokaa, kaza, ujaribu tena.

Ukipima kwenye teminali ya I (inayopeleka umeme kwenye geji) kwa mita ya dijiti, namba zitarukaruka. Stebilaiza nzima ndivyo inavyofanya, usiitupe kwa sababu hiyo. Ikiganda kwenye volti za betri, imekufa. Ikitoa sifuri wakati B (teminali inayopokea umeme wa betri) ina umeme, imekufa pia, na hapo mishale yote miwili hulala chini.

Badala yake fundi redio atakupa regyuleta ya 7810, kifaa kidogo cha miguu mitatu kinachotoa volti 10: mguu wa kwanza B, wa kati ethi, wa tatu I. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 kati ya B na ethi, na ya 0.1 kati ya I na ethi. Hii ni kwa gari lenye hasi kwenye bodi tu. Betri ikiwa imechoka, mishale itasoma chini kidogo mpaka injini iwake.

Ya joto iko sawa, ila ya mafuta haitoki kwenye E na tangi limejaa.

Basi stebilaiza ni nzima. Tafuta sensa juu ya tangi, chini ya kiti. Zima swichi, chomoa waya wa geji, uguse nao bodi mbali na tangi, ndipo mwenzako afungue swichi. Mshale ukipanda polepole kuelekea F, funga mara moja: geji na waya ni wazima. Usiharakishe kuuhukumu, mishale hii ni mizito.

Chomoa betri kabla ya kutoa sensa, na sigara iwe mbali. Sensa nzima husoma karibu ohm 240 mkono wake wenye boya ukiwa chini na kama 20 hadi 30 ukiwa juu, ikishuka bila kuruka. Tikisa boya: likisikika petroli ndani, limetoboka. Usilichomee, nunua jingine. Kabla ya hayo yote pima ethi ya tangi, maana vipimo vizuri havisaidii umeme usipokuwa na njia ya kurudi.

Nimebadilisha sensa ya joto, sasa mshale hausogei.

Umezungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi zake? Sensa hupata ethi kupitia hizo nyuzi. Toa tepu.

Mshale wa spidi unatetemeka.

Kebo imekauka au imepindwa kwa kona kali. Chomoa waya wa ndani, paka grisi kidogo, ukiacha sentimita 20 za juu kavu. Grisi ikipanda kwenye spidomita, mshale utanata.