Ukitaka lishe ya wanamichezo, anza na lishe ya binadamu

*Niko vakesheni ya S.6 (kidato cha sita) hapa Mbale, nataka lishe ya wanamichezo. Chuo gani Uganda kina hiyo digrii?*

Hili swali linarudi kila mwezi na jibu langu halijabadilika, acheni kutafuta digrii yenye neno michezo mbele. Soma lishe ya binadamu, nzima. Makerere wanayo, Kyambogo wanayo pamoja na dayatetiki, yaani ile ya kulisha wagonjwa, na hiyo ya wagonjwa ndo watu wanaiona haina faida kwao na kumbe ndo itakayokusaidia. Mwanariadha anaumwa malaria, ana vidonda vya tumbo, damu inapungua, na mabinti wengine wanakosa hedhi miezi mitatu minne na kocha anafurahi eti sasa amekuwa mwepesi. Jamani huo si wepesi, huyo binti anakula kidogo kuliko anavyotumia na mifupa yake inalipia. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina la RED-S mwaka 2014, sasa we ukiwa unajua protini peke yake utaionea wapi?

Ukimaliza digrii ndo unaingia michezo. Ipo diploma ya lishe ya michezo ya hao hao wa Kamati ya Olimpiki (IOC), miaka 2, unasomea kwa intaneti ukiwa hapa hapa, ila wanataka uwe na digrii tayari. Ongeza na kozi ya ISAK, chama cha kimataifa cha wapima mwili, ya kupima mafuta ya chini ya ngozi na mzunguko wa misuli, itakufaa sana.

*Naingia S.5 (kidato cha tano), nichukue HEG (historia, uchumi, jiografia) au PCB (fizikia, kemia, baiolojia)? Kemia inanitisha.*

PCB. Au BCM, yaani baiolojia, kemia na hesabu. Kemia hutaikwepa, usijidanganye.

*Mimi nilishamaliza na HEG, ndo basi?*

Si basi, ila njia ni ndefu. Kuna cheti cha elimu ya juu cha mwaka 1 upande wa baiolojia kwa waliokosa masomo ya kuingilia, nenda NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, uulize ni vyuo gani vimeruhusiwa kukitoa kabla hujalipa hata shilingi.

*Kuna kozi ya wiki sita naiona kwa simu, ukimaliza unapewa cheti cha mtaalamu wa lishe ya michezo. Nilipe?*

Usilipe. Na hapa nitaongea kidogo manake hii kitu inaniuma. Mwaka jana kijana mmoja wa mpira aliniletea kopo la poda, amelinunua mjini kwa "mtaalamu" wa cheti kama hicho. Lebo imebanduliwa upande mmoja, palipobaki kumeandikwa mchanganyiko maalum, gramu ngapi za nini hakuna. Nikamuuliza unakula nini asubuhi, akasema chai kavu. Asubuhi chai kavu, mchana anakimbia masaa mawili, halafu pesa ya chakula cha mwezi iko ndani ya kopo! Tulikaa chini tukaandika: uji wa mtama wenye maziwa, mayai mawili, mchana posho (ugali) na maharage ya kushiba, jioni matooke na mchuzi wa karanga. Kopo likabaki mezani kwangu.

Na kuna hatari kubwa kuliko pesa. Saplimenti nyingine zinachanganywa na vitu vilivyokatazwa na lebo haisemi, na sheria ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, iko wazi, kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua. Aliyekuuzia hafungiwi, unafungiwa we. Kwa hiyo wanaosomea hii kazi mjue kabisa, ukimpa mtu kopo bila kulichunguza unacheza na miaka yake yote ya mazoezi.

*Mimi ni mzazi, binti yangu anataka hiyo kozi. Kazi ipo kweli?*

Mama, sitakuficha, timu zetu nyingi hazijaajiri mtu wa lishe wa kudumu. Ataanzia hospitali, shule za bweni, mashirika, na timu atazifanyia wikendi. Lakini nchi iliyowatoa wakimbiaji kama Cheptegei na Chemutai haiwezi kuendelea hivi, na mwenye digrii kamili atasubiri huku anakula mshahara, wa cheti cha wiki sita atasubiri nyumbani. Ila mwambie ajifunze kupika. Sitaki kuona tena mtu wa lishe anampangia mkimbiaji wa Kapchorwa chakula cha duka kubwa la Kampala wakati kwao kuna maziwa, mahindi na viazi.

*Je nikienda Marekani kusomea?*

Kule jina la kazi ni RD, yaani mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, na tangu Januari 1, 2024 lazima uwe na mastaz ndo ufanye mtihani wao. Baada ya hapo, ukitaka cheti chao cha michezo, CSSD, unatakiwa uwe RD miaka 2 angalau pamoja na saa nyingi za kufanya kazi na wanamichezo. Piga hesabu ya ada kabla ya kuuza shamba la familia.

*Nimekimbia miaka kumi, chakula cha mkimbiaji nakijua. Darasa la nini tena?*

Ndugu yangu, unakijua cha kwako. Juzi nilipima uzito wa mabinti wawili kabla na baada ya mazoezi yale yale, nione jasho limetoa maji kiasi gani: mmoja amepoteza nusu kilo, mwenzake kilo moja na robo, na wote wamekunywa chupa moja ya maji. Huyo wa pili ukimpa ratiba yako ya maji atamaliza wiki kichwa kinamuuma. Miaka yako kumi itakusaidia wakimbiaji wakuamini haraka, hiyo wengi wetu hatuna, kwa hiyo chukua fomu, na mizani uanze kuitumia hata leo.