Cygwin, MSYS2, MinGW-w64: GCC ni ileile, angalia inachoegemea

Mkuu, umesema programu yako ya C++ inapiga kazi kwenye mashine yako, ila ukimpa mwenzako, Windows inalalamika kwamba msys-2.0.dll (DLL ni faili la maktaba ambalo programu huliita inapoendeshwa) haipo. Unauliza kama ubadilishe kompaila. Baki na kompaila ileile ya GCC, ila badilisha mazingira unayojengea: Cygwin, MSYS2 na MinGW-w64 zote ni njia za kutumia GCC kwenye Windows.

Cygwin, na dirisha la MSYS ndani ya MSYS2, huipa programu mkalimani. Programu inajiona iko Unix, na DLL ya mkalimani (msys-2.0.dll kwa MSYS, cygwin1.dll kwa Cygwin) inageuza maombi yake yawe ya Windows. Kodi ya programu za Unix hujengeka karibu bila kuguswa, lakini mkalimani lazima asafiri nayo. Tena fork (ombi la Unix la programu kujinakili) ni nzito, maana Windows yenyewe haina, ndiyo sababu ./configure, skripti ya kuandaa ujenzi, hujikokota.

MinGW-w64 haina mkalimani. Inatumia maktaba ya C ya Windows yenyewe, nazo ziko mbili: msvcrt.dll ya zamani, na UCRT iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015. Chukua UCRT, inaelewa UTF-8 vizuri zaidi. Usichanganye hizo mbili: kumbukumbu iliyoombwa kwa malloc upande mmoja ikiachiwa kwa free upande wa pili, programu inaanguka.

Kuna jambo watu hawalisemi. Kwenye Cygwin ya biti 64, long (aina ya namba kamili ya C) ni baiti 8. Kwenye MinGW-w64 ni baiti 4. Niliwahi kurithi mradi uliokuwa ukiandika struct zenye long moja kwa moja kwenye faili. Data zilizoandikwa na toleo la Cygwin zilisomeka takataka kwenye toleo la MinGW, na kompaila haikutoa onyo hata moja. Tumia int64_t, ambayo ni baiti 8 kote.

Kwa hiyo fungua dirisha la UCRT64 la MSYS2 (ndilo la MinGW-w64 yenye UCRT), sakinisha mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc kwa pacman, kisakinishi cha MSYS2, kisha andika which g++. Jibu liwe /ucrt64/bin/g++. Likiwa /usr/bin/g++ bado uko kwa mkalimani. Futa faili zote za .o, jenga upya, halafu endesha ldd, inayoorodhesha DLL zinazohitajika, kwenye exe yako. Utaona libstdc++-6.dll na pengine libgcc_s_seh-1.dll na libwinpthread-1.dll: ziweke folda moja na exe, au jenga kwa -static.

Kodi yako ikiita fork, haitajengeka huko. Hapo baki MSYS na umpe mwenzako msys-2.0.dll, na DLL nyingine za MSYS ambazo ldd itaonyesha, pamoja na exe.