Magugu yenye sumu bustanini: usiyachome, na usiyaache yafunge mbegu

Mleta mada, umesema uling'oa magugu kwenye bustani ya maua kwa mikono mitupu, sasa vidole vinawasha na kutoa malengelenge, na unauliza kama rundo ulichome au ulipulizie dawa. Kwanza mikono: ioshe kwa sabuni na maji mengi, usafishe na chini ya kucha, na usiguse macho. Uso ukianza kuvimba au kifua kikibana, nenda hospitali leo leo.

Rundo usilichome. Moshi wa mimea yenye sumu unaweza kubeba sumu hiyo hadi machoni na mapafuni, na jirani naye ataivuta.

Kwa ulivyoyaeleza, majani yaliyochanika kama ya karoti na vijiua vyeupe vidogo, hilo ni gugu karoti. Nimepambana nalo kwa misimu mingi. Ubaya wake ni kwamba unaweza kulishika mara nyingi bila kudhurika, kisha siku moja ngozi ikalikataa, na tangu hapo hata kupita karibu nalo ni taabu. Mimi sasa likinigusa tu kwenye kiwiko, jioni mkono mzima umeshakuwa na vipele. Chavua yake nayo huamsha pumu. Kwa hiyo vaa glavu, mikono mirefu na kitu cha kuziba pua, na nguo hizo uzifue peke yake.

Lijue likiwa changa. Majani yake hulala chapa juu ya udongo kwa duara, yana rangi ya kijani iliyopauka na vinyweleo laini. Wengi hudhani ni mche wa ua, wakaumwagilia. Mwezi mmoja hivi baada ya kuota linaweza kuwa limeshachanua, na mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ling'oe udongo ukiwa umelowa: shika shingoni, pale shina linapokutana na mzizi, zungusha kidogo, vuta taratibu utoke na mzizi wote. Ukilikata juu litachipua tena. Mashine ya kufyekea ndiyo mbaya kabisa, inarusha utomvu na chavua usoni.

Gugu la pili ulilolieleza, lenye maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba, ni mnanaha, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi kwenye nyumba yenye watoto. Kila sehemu yake ina sumu, mbegu hasa. Mtoto akizila, mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, na anaanza kuona vitu ambavyo havipo. Usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na tawi la mmea ndani ya mfuko, daktari ataujua haraka. Tunda likikomaa hupasuka na kumwaga mbegu ambazo hukaa ardhini miaka na miaka zikiwa hai, hivyo likate lingali la kijani, moja kwa moja ndani ya mfuko.

Kwenye dawa mimi sikubaliani na wanaokushauri upulizie. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, haichagui mmea, itakausha na maua yako, na mnanaha uliokauka bado una sumu ileile. Tia vyote kwenye mfuko mzito wa plastiki, funga, acha juani vioze, kisha peleka kwenye taka. Usivitie kwenye mboji, wala usiwape mifugo. Gugu karoti huharibu hata ladha ya maziwa.

Palipobaki wazi weka matandazo ya unene wa sentimita 7 hadi 10, na panda maua yakaribiane ili mwanga usifike chini. Kila baada ya mvua pita ukague palepale yalipoota, kwa sababu yataota tena, na mche wenye majani matatu unang'oka bila shida.