Kalibu, kiolezo au jigi?

SWALI: Katika karakana yangu ya nyumbani nimetengeneza kifaa cha kunisaidia kuunganisha fremu za madirisha. Ni ubao mpana wa plaiwudi niliopigilia vipande vya mbao ngumu kwa pembe mraba. Nalaza vipande vya fremu humo, natia gundi, nakaza kwa kabari, naacha vikauke. Mafundi wenzangu wanakiita "jigi". Mwanangu wa sekondari anasema Kiswahili chake ni "kiolezo". Mzee mmoja jirani akaniambia hiyo ni "kalibu". Nani yuko sahihi? Na je, niseme ni kifaa imara au madhubuti?

JIBU: Fundi, mimi niko upande wa mzee. Mwanao naye hajakosea sana, ila neno lake lina kazi nyingine.

Kiolezo limetoka kwenye kitenzi oleza, yaani kufanya kitu kifanane na kingine. Ni ile karatasi ambayo fundi cherehani huilaza juu ya kitambaa, akapitisha chaki pembeni yake, kisha akaiondoa kabla hajashika mkasi. Wewe pia bila shaka unacho: kipande chembamba cha ubao unachokifuatisha kwa penseli ili miguu minne ya kiti itoke na mkunjo mmoja. Kiolezo huonyesha umbo tu. Hakishiki kitu, wala hakizuii kitu kisiteleze.

Kalibu ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo hutaja chombo kinachokipa kitu umbo kwa kukibana ndani yake. Udongo wa tofali hutiwa kwenye kalibu. Madini yaliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu. Utaniuliza: mbao si udongo wala si shaba, zinamiminwaje? Lakini hebu ikumbuke fremu yako dakika ile ulipomaliza kupaka gundi. Ukiisukuma kidogo kwa kidole inapinda, inakuwa msambamba badala ya mstatili. Wakati huo fremu ni laini kama udongo mbichi, na kinachoifanya ikauke ikiwa na umbo ulilokusudia ni zile kuta ulizopigilia pamoja na kabari zako. Ndiyo maana nasema mzee amelitumia neno mahali pake hasa.

Wapo watakaokupa neno kiunzi. Usilikubali kwa kazi hii. Kiunzi ni mifupa ya kitu chenyewe, na hubaki ndani yake. Kalibu huitoa kazi, yenyewe ikabaki mezani kusubiri fremu nyingine.

Ili watu wasifikiri unafyatua matofali, ongeza maelezo: kalibu ya kuungia. Angalia hiyo -i- ya kuungia, maana mimi naipenda kuliko jina lenyewe. Kauli ya kutendea hutuonyesha kitu kinachotumika kufanyia kazi: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia. Kauli hiyo hiyo hutuonyesha mahali: chumba cha kulia, meza ya kusomea. Sasa kifaa chako ni ala au ni mahali? Ni vyote viwili. Unaungia kwacho na unaungia ndani yake, na herufi moja imebeba maana zote mbili. "Kuunganisha" ulivyoandika si kosa, ila "kuunga" ni fupi na ndiko kilikotoka "kiungo".

Jambo moja la kuchunga ni matamshi. Wengi wetu tunachanganya l na r, na kalibu na karibu hutofautiana kwa sauti hiyo moja tu, kwani mkazo wa yote mawili uko kwenye silabi ya kati. Ukimwambia msaidizi wako "lete kalibu" ukateleza ulimi, atakusogelea mikono mitupu. Ngeli yake ni I-ZI: kalibu hii, kalibu zangu mbili.

"Jigi" silipigi vita. Tumekopa skrubu na plaiwudi tukaendelea na kazi. Ila ni vyema ujue kwamba kwa kazi hii tulikuwa na jina kabla ya kukopa hilo la Kiingereza.

Kuhusu swali la pili, imara ni kitu kisichovunjika upesi. Thabiti ni kisichotikisika kilipowekwa. Madhubuti ndilo ningelichagua mimi. Sisi tunalitumia kwa maana ya nguvu na kutegemeka, lakini katika Kiarabu lilikotoka lina maana ya kilicho sawasawa, kilichopimwa kikapimika. Kalibu inahitaji yote hayo pamoja. Inaweza kuwa imara kama gogo la mvule na bado ikakuzalia fremu zilizopinda, moja baada ya nyingine, kwa sababu kona yake haikukaa vizuri kwenye guni, kile kipimo cha pembe mraba, siku ya kwanza. Fremu ya sentimita 60 kwa 80 ikipimwa kutoka kona hadi kona lazima isome 100 pande zote mbili. Ikisoma 101 upande mmoja na 99 upande wa pili, kalibu ni imara lakini si madhubuti.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Nimetengeneza kalibu madhubuti ya kuungia fremu za madirisha."