Moto si ulishazimwa, hawa wa shirika wanatafuta nini tena?

SWALI: Mhariri habari za kazi, moto wa msituni ulipita kwetu mwaka jana nyumba kadhaa zikaungua, sasa kuna shirika lisilo la faida bado linazunguka na mikutano kila wiki. Kuna nini tena hapo?

JIBU: Salama ndugu. Yaani kuzima ndo kipande kifupi kuliko vyote. Cheki mji wa Paradise kule California, Novemba 2018 moto uliua watu 85 ukateketeza majengo zaidi ya 18,000, na miaka ikapita watu bado wanajenga tu. Aliyeunguliwa anaanza na majivu, na yale majivu yana sumu, usiyafagie makavu, halafu fomu za bima, hati zimeungua, kichwa kinauma, hapo ndo mtu wa shirika anakaa na wewe mezani mnajaza moja moja.

Na mikutano usiidharau, hapo ndo mnajifunza kukinga nyumba na moto ujao. Wengi wanadhani nyumba inashika moto pale ndimi zinapoifikia, kumbe mara nyingi ni cheche zinazobebwa na upepo, zinaruka hata kilomita kadhaa zinatua kwenye gata (mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa) lililojaa majani makavu au zinapenya matundu ya hewa ya dari. Kwahiyo safisha gata, weka wavu wa chuma wenye vitundu vidogo kwenye hayo matundu ya hewa, na ile mita moja na nusu kuzunguka ukuta isiwe na kuni wala majani wala chochote kinachowaka. Hata zulia la mlangoni!

Mi ningeenda, na ningeuliza pia hela zao zinatumikaje.