Tembe la bibi, pombe ya tambiko na duka la karibu na stesheni

Wiki hii nimechagua maswali yanayohusu majengo na maeneo ya zamani ya Dodoma na Singida, na watu wanaoishi nayo.

Shikamoo. Bibi yetu wa Mvumi ametangulia mbele ya haki, ametuachia tembe, nyumba yake ya miti na udongo yenye paa bapa. Kaka zangu wanataka kulibomoa wajenge nyumba ya bati. Fundi anasema tukilipiga plasta ya saruji litadumu. Tumsikilize?

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Fundi msimsikilize. Ukuta wa miti na udongo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Ukiuziba kwa saruji, maji yanayoingia kwenye nyufa au kupanda kutoka chini hayana pa kutokea. Udongo unalainika, miti inaoza, nanyi mnaona plasta imesimama vizuri tu hadi siku kipande kizima kinapoanguka. Tumieni udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na mrudie kila mnapoona nyufa. Lakini anzeni na paa. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo maana wazee waliweza kuezeka kwa udongo, paa likalala bapa. Basi Novemba isiwakute hamjaongeza udongo paani na kubadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa.

Kuhusu kaka zako, usiwaone maadui. Miti migumu ya kujengea imekuwa adimu, na anayetaka nyumba isiyovuja hana kosa. Tena dharau dhidi ya tembe tumeirithi. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, matembe mengi yakaachwa, na kampeni za nyumba bora zilizofuata zikayahesabu kuwa dalili ya kubaki nyuma. Ushauri wangu: nyumba ya bati ijengwe pembeni, tembe lipewe kazi. Liwe ghala la uwele na mtama, liwe jiko, au vikao vya ukoo vifanyike humo. Nyumba isiyowashwa moto wala kufagiliwa haichukui misimu mingi. Na mtafuteni mzee anayejua kupanga fito na kushindilia udongo wa paa, vijana wafanye kazi naye bega kwa bega. Huko Djenné, nchini Mali, msikiti mkuu wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907 bado umesimama kwa sababu wakazi hujitokeza kila mwaka kuukandika upya, watoto wakibeba tope pamoja na mafundi. Ujuzi huo ukikatika kwenu, hata mkiwa na fedha hamtapata wa kumlipa.

Familia yetu ina duka la zamani karibu na stesheni ya Dodoma. Nikiligeuza mgahawa nitakuwa nimeharibu historia?

Hapana. Mtaa huo ulikua kwa biashara tangu Reli ya Kati ilipopita hapa ikielekea Kigoma, ilikofika 1914. Biashara ndiyo uhai wake. Bakiza baraza ya mbele, milango ya mbao na umbo la paa, na upige picha kabla ya kugusa chochote. Kibali kiombe Halmashauri ya Jiji. CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa Dodoma, ilivunjwa mwaka 2017.

Mimi ni kijana wa Kolo, natembeza wageni kwenye michoro ya miambani. Wazee wakienda kwenye pango la Mungomi kutambika humwaga pombe, na wataalamu wanasema inaharibu michoro. Nani ana haki?

Wataalamu wanasema kweli: pombe ikigusa mchoro huacha madoa, na rangi ile haiwezi kurudishwa. Lakini wazee wasifukuzwe. Michoro ya Kondoa, ikiwamo hiyo ya Kolo, ilipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, moja ya sababu ilikuwa kwamba wenyeji bado wanatambika humo, wakiomba mvua na uponyaji. Ukiwatoa wazee umeondoa sehemu ya kilichosajiliwa. Na sijui mlinzi gani angetosha eneo la kilomita za mraba 2,336. Zamani baadhi ya mapango yalizungushiwa waya, na waya ukang'olewa. Ulinzi uliowekwa bila wenyeji huishia hivyo.

Wewe unayewajua wote, omba kikao. Pendekeza pombe imwagwe chini, mbali na ukuta wenye michoro, mahali watakapochagua wazee wenyewe. Siku ya tambiko wageni wasipandishwe kabisa, na kamera zisiwepo. Pia msisahau wachoma mkaa na wachimbaji wanaotafuta hazina wanayodai iliachwa na Wajerumani. Miti ikiisha mbele ya pango, upepo, vumbi na jua hufika moja kwa moja kwenye michoro. Hilo linanitia hofu kuliko kibuyu cha mzee.

Ninafundisha shule ya msingi Chamwino. Wanafunzi wangu wanajifunza muheme kwa video za simu. Inatosha?

Haitoshi, mwalimu. Muheme ni ngoma ya wanawake, nao hujifunza kwa kukaa karibu na anayepiga, wakimwangalia mikono na kujibu wimbo wake. Waombe akina mama wa kijijini waje shuleni, au bora zaidi, wapelekeni wasichana kwenye ua wa mmoja wao. Uani hapo ndipo watakapojua wimbo huimbwa lini na kwa nani. Na wapeni akina mama hao posho, hata kama ni ndogo, kwa sababu ni walimu.

Kilimatinde tuna majengo ya zamani yanayoporomoka. Tufanyeje yatambuliwe?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye huhitaji tangazo la waziri kwenye Gazeti la Serikali. Pitisheni azimio kwenye mkutano wa kijiji, ambatanisheni picha na maelezo ya wazee, mpeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale. Taja kwenye barua kwamba tangu 2006 Kilimatinde kimo katika orodha ya awali ya UNESCO, yaani ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, ndani ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Wakati mkisubiri jibu, ng'oeni miti inayoota kwenye kuta na mchimbe mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi.