Maswali na majibu: Mke wa mfalme asiyeitwa malkia

Makala kuhusu Auguste von Harrach imeleta maswali mengi, na mengine makali. Kwa aliyeikosa: Novemba 1824 Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prusia (dola ya Kijerumani), mgane wa miaka 54, alimwoa binti huyu wa miaka 24 katika kasri la Charlottenburg, Berlin, mbele ya mashahidi wachache. Hakumfanya malkia. Alimpa cheo cha Fürstin wa Liegnitz, cheo cha kikabaila kilicho chini ya umalkia, na kwa cheo hicho ndivyo alivyojulikana hadi alipofariki mwaka 1873.

Tusizungushane. Alikuwa mke au kimada? (Msomaji, Tanga)

Mke, tena wa ndoa halali. Laiti wangejaaliwa watoto, hakuna ambaye angethubutu kuwaita wa haramu. Ila cheo cha mume hakikumfikia, na watoto wake wasingekuwa na haki ya kiti cha enzi wala mali ya ukoo wa kifalme. Wajerumani waliiita ndoa ya mkono wa kushoto, maana kwa desturi ya zamani bwana harusi alimshika mwenziwe kwa mkono huo badala ya wa kulia. Kabla ya yote huwekwa mkataba: mke ataitwa nani, atapewa nini mume akiwa hai, na atabaki na nini akifiwa. Kwa hiyo aliyekubali alijua anachoingia.

Si mfalme ndiye sheria? Nani angemzuia kumvika taji? (Msomaji, Mombasa)

Nyumba za watawala wa Ujerumani zilikuwa na sheria zao za ukoo, na mtawala naye zilimbana, kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa warithi watarajiwa na walizilinda kama mboni ya jicho. Akina Harrach walikuwa makabaila wa Austria wenye jina kubwa, lakini hawakuhesabiwa kufu ya nyumba ya Hohenzollern, ukoo wa wafalme wa Prusia. Juu ya hayo Auguste alikuwa Mkatoliki ndani ya nyumba ya Kiprotestanti. Alibadili dhehebu mwaka 1826.

Lakini nadhani sababu nzito zaidi ilikuwa marehemu. Malkia Luise, mke wa kwanza, alifariki mwaka 1810 akiwa na miaka 34, na Waprusia walimfanya karibu mtakatifu. Ndiye aliyekwenda Tilsit mwaka 1807 kumsihi Napoleon ailegezee kamba nchi yake iliyoshindwa vitani. Aliacha watoto saba waliokua. Mfalme mwenyewe hakutaka mwingine akalie nafasi yake.

Sasa sikia kichekesho: mwaka 1841 akina Harrach walitambuliwa rasmi kuwa ukoo unaostahili kuoana na nyumba za watawala. Mfalme alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla.

Maisha yake ya kila siku yalikuwaje? (Msomaji, Dodoma, na wengine kadhaa)

Mfalme aliishi Kronprinzenpalais, nyumba ya wastani kwa kiwango cha wafalme, kwenye barabara ya Unter den Linden. Auguste hakuishi humo. Aliwekwa nyumba ya jirani, Prinzessinnenpalais, na nyumba hizo mbili ziliunganishwa na ujia uliopita juu ya mtaa kama daraja. Mke na mume, kila mmoja na mlango wake wa mbele.

Kwenye shughuli za kasri alipangwa nyuma ya wana na mabinti wa nyumba ya kifalme. Hebu hesabu. Mwana wa kwanza wa mfalme alizaliwa 1795, wa pili, Wilhelm, 1797, na Charlotte, aliyeolewa Urusi, 1798. Auguste alizaliwa 1800. Watoto watatu wa kambo walimzidi umri, na wote saba, pamoja na yule mdogo wa 1809, walimzidi daraja. Wageni wakikaribishwa kuingia ukumbini, mke wa mwenye nyumba anasubiri vijana wa mumewe watangulie. Kuna fedheha zinazokuja mara moja zikapita. Hii ilirudi kila kwenye karamu, kwa miaka zaidi ya kumi na tano, na mwenzake yupo hapohapo anaona.

Alichagua kunyamaza. Hakuunda kundi lake kasrini, hakujitia katika siasa, na heshima aliyopata kwa familia, iliyokuwa imeshtuka sana habari ya ndoa ilipotoka, aliijenga kwa kutodai kitu. Wapo wanaomsifu kwa unyenyekevu huo. Mimi najiuliza angefanya nini kingine.

Hakupata mtoto. Mfalme alifariki Juni 1840, naye bado hajatimiza miaka 40. Akaandaliwa nyumba Potsdam, pembeni mwa bustani ya Sanssouci, ambayo mpaka leo inaitwa Villa Liegnitz. Hakuolewa tena, akaishi mjane miaka 33. Ukienda leo kwenye jengo la makaburi la Charlottenburg utamkuta mfalme na Luise juu, wamelala kwa sanamu za marumaru. Auguste yumo humohumo, chini, kwenye chumba cha kuzikia kisichokuwa na sanamu yake.

Mbona hii ni sawa na masuria wa kasri la Zanzibar? (Msomaji, Unguja)

Kwa watoto ni kinyume kabisa. Suria alikuwa mtumwa, lakini mtoto aliyezaa na bwana wake alikuwa huru na mrithi sawa na mwana wa mke wa ndoa. Sayyid Majid na Sayyid Barghash wote ni wana wa masuria, na wote walitawala. Auguste alikuwa mwungwana, wa ukoo mkubwa, ameolewa kihalali, na bado mwanawe asingerithi hata kiti cha kukalia. Sayyida Salme, mtoto wa suria wa Kicherkezi, alizaliwa binti wa sultani kamili. Kisha akaenda kuishi Ujerumani kama mke wa mfanyabiashara wa Hamburg, na huko kila mtu alitaka kujua amezaliwa na nani.

Yupo aliyewahi kuvuka ukuta huo? (Msomaji, Nairobi)

Wapo, na hapo ndipo mambo yanaponoga.

Anna Luise Föhse alikuwa binti wa mwuza dawa wa Dessau. Mtawala wa nchi hiyo ndogo ya Kijerumani, Leopold wa Anhalt-Dessau, alimpenda tangu utotoni, akakataa kila binti aliyeletewa, na mwaka 1698 akamwoa. Miaka mitatu baadaye Kaizari huko Vienna, aliyekuwa juu ya watawala wote wa Kijerumani, akampandisha Anna Luise cheo, fedha nyingi zikiwa zimetoka mfukoni mwa Leopold, na watoto wao wakawa warithi kamili. Ungedhani nyumba hiyo ingekuwa na huruma kwa wengine. Mwana wao mkubwa alimwoa kwa siri binti wa mpika bia, na siri hiyo akamficha baba yake miaka na miaka, karibu mpaka kufa.

Njia ya Vienna ilizibwa mwaka 1742, watawala walipomfunga Kaizari mpya, Karl VII, kwa ahadi kwamba hatawapa watoto wa ndoa za namna hiyo haki ya kurithi.

Baden, nchi nyingine ya Kijerumani, ilipita njia nyingine. Mwaka 1787 mtawala Karl Friedrich, aliyekuwa na miaka 59, alimwoa Luise Karoline Geyer von Geyersberg, wa miaka 19, kwa mkono wa kushoto. Akaitwa Hochberg, na watoto wake hivyohivyo. Lakini tawi kubwa la ukoo, la uzao wa mke wake wa kwanza, likaanza kukosa wana wa kiume, na jirani yake Bavaria ikawa inaimezea mate ardhi ya Baden. Basi mwaka 1817 watoto walewale waliokuwa hawafai wakatangazwa wana wa kifalme, na 1830 Leopold, mwana wa Luise Karoline, akatawala. Mama hakuwahi kuona: alifariki 1820. Alichoachiwa ni uvumi kwamba aliiba mtoto wa tawi kubwa ili kuwasafishia wanawe njia, na kwamba mtoto huyo ndiye Kaspar Hauser, kijana wa ajabu aliyetokea Nürnberg mwaka 1828. Uchunguzi wa DNA ya nywele za Hauser uliochapishwa 2024 umeonyesha hakuwa wa nyumba ya Baden.

Na mwanamke mtawala, aliweza kuolewa na wa chini yake? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiyo, kwa nadra. Marie Louise, mjane wa Napoleon, akiwa mtawala wa Parma huko Italia aliolewa na kabaila Neipperg mwaka 1821. Watoto hawakupata Parma.

Sheria hizi zimekufa? (Msomaji, Muscat)

Za dola zilikufa na katiba ya Weimar ya 1919, katiba ya jamhuri iliyofuata ufalme Ujerumani. Za familia zilisalia kwenye mikataba ya mirathi. Mkataba wa Hohenzollern wa 1938 ulimnyima urithi mkuu aliyeoa asiye wa nasaba inayokubalika. Wana wawili wakubwa wa Louis Ferdinand, mkuu wa ukoo huo na mjukuu wa Kaizari wa mwisho wa Ujerumani, walioa nje ya nasaba hiyo, na baba yao alipofariki mwaka 1994 mgogoro ukafika mahakamani. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitengua hukumu zilizoupa nguvu mkataba huo, ikisema mahakama za chini hazikuzingatia vya kutosha uhuru wa mtu kuchagua mwenzi.